Kifaru cha Vizibo: Skeli, Plastiki na Vita vya Kagera Darasani

Kifaru cha Kichina aina ya Type 59 kina uzito wa tani 36. Urefu wa bodi lake, bila kuhesabu mdomo wa mzinga unaochomoza mbele, ni mita 6.04. Upana ni mita 3.27 na kimo mita 2.59. Ukigawanya kila kipimo kwa 35 unapata kitu cha sentimita 17.3 kwa 9.3 kwa 7.4, yaani kinakaa juu ya kaunta buku na nafasi ya kikombe cha chai inabaki. Sasa jiulize kabla hujasoma mbele: uzito nao utapungua mara 35? Niliwauliza wenzangu sita pale kwenye vimbweta. Wanne wakajibu haraka haraka kwamba ndiyo, kitabaki na tani moja na ushee. Tani moja juu ya kaunta buku! Mmoja wao anasomea Hisabati, simtaji.

Tutalirudia hilo la uzito. Kwanza niseme ninachokitaka. Makala hii ni kwa sisi tunaosomea ualimu, hasa wa Historia, Hisabati na Fizikia, na ni kuhusu vifaru vya plastiki vya kuunganisha kwa gundi, vile ambavyo wenzetu wa nchi nyingine wananunua kwenye boksi na kukaa navyo mezani wiki nzima. Wao wanaita burudani. Mimi naona ni zana ya kufundishia ambayo hatujaitumia, na kifaru ninachokipendekeza ni hicho hicho Type 59 kwa sababu ni chetu: Jeshi la Wananchi lilikuwa nacho Kagera, na likaingia nacho Uganda, 1978 na 1979.

Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili, na sisi ndio tutakaosimama mbele ya darasa kulifundisha. Vita vya Kagera havikwepeki humo. Ila ukikumbuka tulivyofundishwa sisi, vita vile vilikuwa aya mbili na tarehe: Amin aliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Andika, funga daftari. Mwanafunzi akitoka hapo hajui hata kifaru kinabeba watu wangapi.

Boksi lina nini

Seti niliyoishika kwa mkono wangu ililetwa na mjomba anayefanya kazi Muscat. Ni ya T-54, kifaru cha Kisovieti ambacho Wachina walikinakili kwa kibali wakapata Type 59. Imetengenezwa na MiniArt, kampuni ya Ukraine iliyoanza mwaka 2001 mjini Simferopol, Crimea. Urusi ilipoitwaa Crimea mwaka 2014, kampuni ikahamia Kyiv. Kwa hiyo hawa jamaa wanaotengeneza vita vidogo vya plastiki walihamishwa na vita vikubwa vya kweli, na bado wanatengeneza. MiniArt wana ukoo mzima wa T-54 na T-55, na Type 59 nao umo.

Ukifungua boksi hukuti kifaru. Unakuta fremu nyingi za plastiki ya kijivu, na kwenye kila fremu vipande vimening'inia kama zabibu kwenye kikonyo, kila kimoja kina namba. Seti zenye sehemu za ndani zina vipande vinavyokaribia elfu moja. Mnyororo peke yake ni pingili karibu tisini kila upande, na unaziunga moja baada ya nyingine. Si mchezo wa dakika tano wakati unasubiri wali uive.

Tofauti ya kampuni hizi mpya na zile za zamani iko kwenye kalibu. Plastiki inayeyushwa, inasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, inapoa, kalibu inafunguka. Kalibu ya vipande viwili tu haiwezi kutoa kitu chenye tundu ubavuni, ndiyo maana zamani mdomo wa mzinga ulikuja nusu mbili na wewe ukapiga msasa mpaka mstari upotee. Siku hizi wanachora kwa kompyuta na kuongeza vipande vya kalibu vinavyoteleza kutoka pembeni, hivyo mdomo wa mzinga unaweza kutoka mzima na tundu lake. Hapo mwalimu wa Fizikia ana kipindi kizima.

Na gundi. Gundi ya kazi hii haibandiki, inayeyusha. Unapaka tone, plastiki ya pande mbili inalainika, inachanganyika, na kimiminika kikishapaa unabaki na kitu kimoja. Ni kama kuchomelea bila moto. Ila inafanya kazi kwa plastiki ya polistirini tu, ile ya baadhi ya vikombe vya mtindi na vijiko vya kutupa. Chupa ya maji ni plastiki nyingine, na dumu la mafuta ni nyingine kabisa, karibu kila gundi inalikataa. Geuza chombo chochote chini uangalie namba ndani ya pembetatu: 6 ni polistirini, 1 ni ya chupa ya maji, 2 ni ya madumu mengi. Nimekaa na vyombo vya plastiki miaka 22 bila kuuliza namba ile inasema nini.

Bei ndiyo inauma. Seti yenye sehemu za ndani mara nyingi inazidi dola 50 kabla ya usafiri na ushuru. Hilo ni bumu linalopaswa kula chakula, na hakuna shule ya kata itakayokununulia. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ninapendekeza tuagize. Ninapendekeza tuchukue wazo lao, tutengeneze wenyewe. Na hapo Mwanza si wageni: meli yetu ya MV Victoria ilijengwa Scotland kama seti, ikafunguliwa vipande, ikaletwa mpaka Kisumu na kuunganishwa upya, ikaanza kazi 1961. Ziwa hili limezoea vitu vinavyokuja vipande vipande.

Skeli inatoka wapi

Kwa nini 1:35 na si 1:30 au 1:40, ambazo zingekuwa rahisi kwa hesabu? Jibu ni la kuchekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitengeneza kifaru cha Kijerumani cha Panther kinachotembea kwa mota. Ilibidi betri na mota vienee ndani. Walipopima walichopata wakakuta ni kama 1:35. Wengine wakafuata, na leo kampuni za China, Ukraine na kwingineko zinatumia skeli iliyopangwa na betri za Mjapani.

Basi nasi tupangiwe na tulicho nacho. Type 59 ina magurudumu makubwa matano kila upande, kipenyo cha kila moja ni kama sentimita 81. Kizibo cha chupa ya plastiki kina kipenyo cha sentimita 3 hivi. Gawanya 81 kwa 3 unapata 27. Skeli yetu ni 1:27, na hakuna wa kutubishia. Bodi litakuwa na urefu wa sentimita 22.4, upana 12.1, na kimo mpaka juu ya kichwa kinachozunguka 9.6. Mzinga utachomoza mbele ya bodi kama sentimita 11, na unene wake unakaribiana na mrija wa soda. Mtu wa sentimita 170 atakuwa na sentimita 6.3. Mwache mwanafunzi apige hesabu hizi mwenyewe, kwa sababu akikosea ataona: kichwa cha kifaru hakitakaa juu ya bodi.

Bodi ni kadibodi ya boksi la biskuti, kata kwa wembe na rula. Kichwa ni chini ya kikombe kikubwa cha mtindi, kimepinduliwa kama bakuli, maana kichwa cha kifaru hiki ni cha mviringo. Vizibo usihangaike kuvigundisha, gundi haitashika. Toboa katikati kwa msumari wa moto, pitisha kijiti cha mishkaki, umepata ekseli. Minyororo ni ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, fundi baiskeli yeyote wa Nyegezi atakupa chakavu bure ukimsalimia vizuri. Mbele weka kizibo kingine kidogo juu kidogo ya yale matano, na nyuma kingine. Cha nyuma ndicho kinachovuta mnyororo, maana injini iko nyuma: dizeli ya silinda 12 yenye nguvu ya farasi 520.

Halafu kuna jambo moja dogo ambalo usilisahau kwa gharama yoyote. Magurudumu matano hayajapangwa kwa nafasi sawa. Kati ya la kwanza na la pili kuna pengo kubwa kuliko mengine. Ukiliweka pengo hilo umetengeneza T-54 au mtoto wake. Usipoliweka umetengeneza kifaru tu.

Kuhesabu magurudumu ni kusoma historia

Pengo lile lina kazi. Kuna picha nyingi zinazunguka kwenye simu zetu zikiwa na maneno "kifaru cha Amin kilichotekwa". Hesabu magurudumu. Uganda ilikuwa na vifaru vya Sherman, vya Kimarekani, ambavyo ilivipata kutoka Israel kabla Amin hajawafukuza Waisraeli mwaka 1972. Sherman ina magurudumu sita kila upande, yamepangwa mawili mawili. Ukiona matano na pengo la mbele, hiyo si Sherman, ni mtu wa ukoo wa T-54, na sasa swali ni la nani: Tanzania tulikuwa na Type 59 kutoka China, Uganda ilikuwa na T-55, na Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilileta T-55 zake. Ni ndugu wa tumbo moja. Ukiwa na picha nzuri, tafuta juu ya kichwa upande wa kulia: T-54 na Type 59 zina kifuniko cha feni chenye umbo la uyoga, T-55 haina. Kama picha haionyeshi sehemu hiyo, mwalimu mwaminifu anasema haijulikani, anaendelea na kipindi.

Vilevile tulikuwa na Type 62, ambayo ni kama Type 59 iliyofuliwa ikarudi nyuma: tani 21 na mzinga wa milimita 85 badala ya 100. Kwa mbali zinachanganya kabisa.

Naona hili ni la maana kuliko tarehe. Mwanafunzi anayejua kuhesabu magurudumu hawezi kulishwa picha yoyote na maelezo yoyote, na zoezi lenyewe halihitaji intaneti wala projekta.

Uzito

Turudi kwenye swali la kwanza. Urefu umegawanywa kwa 35, upana kwa 35, kimo kwa 35. Uzito unafuata ujazo, kwa hiyo unagawanywa kwa 35 mara 35 mara 35, yaani 42,875. Kilo 36,000 zikigawanywa hivyo zinabaki gramu 840. Ungekinakili kifaru kile kwa chuma kile kile, bodi, injini na kila kitu, kingekuwa na uzito wa pakiti ya sukari isiyojaa kilo. Cha plastiki ni chepesi zaidi kwa sababu ni ganda tu.

Nenda hatua moja zaidi. Minyororo miwili ya Type 59 inagusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba kama 44,500. Tani 36 zikisambaa hapo, kila sentimita ya mraba inabeba kilo 0.8 tu. Wewe mwenye kilo 60 ukitembea, uzito wote uko juu ya unyayo mmoja, na unyayo unaogusa chini ni kama sentimita za mraba 150. Hiyo ni kilo 0.4. Yaani lile dude linakandamiza udongo mara mbili tu ya mtu anayekwenda kisimani. Ndiyo kazi ya mnyororo. Mfano mdogo wa 1:35, hata wa chuma, unakandamiza mara 35 pungufu ya kifaru chenyewe, kwa hiyo utapita juu ya tope la Malimbe bila kuacha alama, na mwanafunzi atadhani vifaru hupita popote.

Havipiti. Machi 1979 jeshi letu lilipofika Lukaya, kati ya Masaka na Kampala, mbele kulikuwa na barabara iliyoinuliwa kwa tuta katikati ya kinamasi. Walibya wakaja na T-55 zao na makombora ya Katyusha. Kinamasi huku, kinamasi kule. Kifaru cha tani 36 pale ni cha barabarani tu, kama basi. Ukitengeneza tuta hilo kwa udongo kwenye trei, ukaweka maji pande zote, wanafunzi wenyewe wataona kwa nini mapigano yalikuwa pale na kwa nini vikosi vilipelekwa kuzunguka kwa miguu. Modeli ni kweli kwa umbo na si kweli kwa uzito. Mwalimu lazima aseme zote mbili.

Na kwa wanafunzi wa Mwanza wanaodhani vita vilikuwa vya watu wa Bukoba, waambie habari ya Saanane. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kupiga bohari la mafuta la Mwanza. Ilikosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, mfanyakazi mmoja akajeruhiwa kidogo na swala kadhaa wakafa. Kisiwa ni kile kile tunachokwenda kupigia picha Jumapili.

Kelele

Cha kwangu cha vizibo nilikipeleka kwanza kwa mzee mmoja jirani yetu Igoma, aliyekwenda vitani akiwa mgambo. Nilimwamkia, nikakiweka kwenye meza. Alikizungusha kichwa kwa kidole, akagusa vizibo, akacheka kidogo. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, na kelele zake umeziweka wapi?"

Sikuwa na jibu na sikulitafuta. Nilimuuliza kama ni vibaya kuwapa watoto kitu kama hiki, maana nilikuwa nalifikiria: tunatoa mchezo kutoka kwenye jambo lililojaza makaburi ya Kaboya. Alisema watoto wa Kagera walichezea maganda ya risasi, hakuna aliyewauliza. Halafu akaanza kunieleza mambo ya matope, viatu na mtu wa Tarime aliyekuwa hodari wa kuimba, na kifaru akakisahau mkononi. Kwa saa nzima sikuuliza swali lingine. Kwa mwalimu wa Historia hiyo peke yake inatosha kulipia vizibo. Dodoso halimfungui mzee. Kitu cha kushika mkononi kinamfungua.

Darasani, nilipokuwa fildi muhula uliopita, nilikitumia na Kidato cha Tatu. Darasa lilikuwa na wanafunzi wengi kuliko madawati, hivyo niliwagawa makundi manane na kila kundi likajenga lake kwa vipindi viwili. Hesabu za skeli ziliwachukua muda mrefu kuliko kukata kadibodi. Kipindi cha tatu nikawachorea ndani ya kifaru nikifuata seti ya mjomba. Watu wanne. Dereva yuko chini mbele, kushoto. Ndani ya kichwa, kushoto, mlenga shabaha amekaa mbele na kamanda nyuma yake, magoti ya kamanda karibu yaguse mgongo wa mlengaji. Kulia yuko mpakiaji, anayeinua risasi za mzinga zenye kilo kama 30 kila moja na kuzisukuma kwa mkono wa kushoto, kwa sababu nafasi haimruhusu vinginevyo. Risasi ni 34, zimewazunguka wote. Niliwasimamisha wavulana wanne ndani ya mraba wa chaki wenye ukubwa wa kweli. Darasa likacheka, kisha likaacha kucheka.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima sikumsikia, alinyoosha mkono: "Mwalimu, kikiwaka moto wanatokaje?"

Swali hilo halimo kwenye muhtasari wa somo, lakini jibu limo kwenye boksi la plastiki, maana kila kifuniko ni kipande chenye namba. Dereva ana chake juu ya kichwa. Kamanda ana chake, mpakiaji ana chake. Mlenga shabaha hana. Anatoka kwa kifuniko cha kamanda, baada ya kamanda, na kamanda akiumia amemzibia njia. Kuna kingine cha dharura, sakafuni, nyuma ya kiti cha dereva, cha kutokea chini ya tumbo la kifaru kama kimo cha chini kinaruhusu.

Kundi lake likarudi kwenye kadibodi. Walikata vifuniko vitatu vya juu kwa wembe na kuviacha vinafunguka. Cha sakafuni walikikata mwisho, wakakiacha wazi kinaning'inia, kwa hiyo kifaru chao kilipowekwa mezani magurudumu ya upande mmoja hayakugusa chini. Niliwaambia wanaweza kukifunga ili kikae sawa kwa ajili ya kusahihishwa. Wakakataa.